Mgongo Wangu Ulivyomfukuza Mzee

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipogundua kwamba nimemfukuza baba mkwe wangu bila kufungua mdomo. Hata kumtazama sikumtazama. Ningependa kukuambia nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa mke wa mtu, na akili zangu zote timamu.

Tulikuwa tunaishi hapa hapa mtaa wa Jericho, Nairobi, mimi na marehemu mume wangu Wafula, katika nyumba ya kaunsili ya jiji yenye chumba kimoja na jikoni. Wafula alifanya kazi kiwandani, akitoka alfajiri na kurudi jioni. Basi ikaja habari kutoka nyumbani, Magharibi mwa Kenya, kwamba baba yake anakuja Nairobi kupasuliwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari alikuwa amesema akichelewa zaidi ataingia gizani kabisa.

Mimi nilizaliwa na kukulia mtaani. Kijijini nilikwenda Krismasi tu, kula kuku na kurudi. Kwa hiyo jirani yetu Mama Respa, aliyetoka kijiji kimoja na kina Wafula, akaniita anifundishe. Mkaza mwana hampi baba mkwe mkono. Hamtazami usoni. Akimwekea chakula, anaondoka. Na hawalali chini ya paa moja, kwa hiyo mzee angelala kwake Mama Respa na kushinda kwangu mchana. Nilikasirika. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikijiona msomi, na sasa naambiwa niinamishe macho ndani ya nyumba yangu mwenyewe kama mwizi!

Lakini nikakubali. Na hapa ndipo penye ujinga wangu, nisikilize vizuri. Nilijiambia: kama hatanitazama na mimi simtazami, basi hatajua ninavyojisikia. Nikaona mila imenipa pazia la kujifichia.

Mzee akafika Jumapili. Jumatatu, Jumanne na Jumatano alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kofia yake magotini, akingojea Ijumaa ya kupasuliwa. Sikuvunja mwiko hata mmoja. Nilimwekea uji, kikombe kikagonga meza hadi uji ukaruka. Nilimpa mgongo, ndivyo nilivyofundishwa, lakini niliugeuza kwa nguvu, leso nikiikaza kiunoni kama mtu anayejiandaa kupigana. Nikipita, nasonya. Jumatano nilifagia, na nilipofika alipoketi sikungoja ainuke. Nikapitisha ufagio katikati ya miguu yake. Akainua miguu, mmoja kisha mwingine, taratibu, akaishikilia hewani hadi nikamaliza. Bado naiona ile miguu, mwanangu, na bado naona aibu.

Alhamisi asubuhi Mama Respa akaja mlangoni kwangu, blanketi mkononi.

"Nekesa, umemfanyia nini mzee?"

"Mimi? Sijamwambia kitu. Hata kumtazama sijamtazama, vile ulinifundisha."

"Ameamka, amekunja blanketi hii mwenyewe, ameshika begi. Anasema macho hayamsumbui tena, anarudi nyumbani, na ameshatoka kuelekea barabarani."

"Si kesho anapasuliwa?"

"Ndio nakuuliza umemfanyia nini." Mama Respa hakuwa mtu wa kelele. "Yule mzee uso wako hauoni hata akitaka, Nekesa. Lakini mgongo wako ameuona. Sahani zako amezisikia. Sisi tunainamisha macho ndio mzee akae kwa amani, ale bila kuona haya. Wewe umeinamisha macho, mwili wote ukamtukana."

Nilitoka mbio vile nilivyokuwa, leso kiunoni na patipati za mpira zikipiga pa-pa miguuni, hadi Barabara ya Jogoo. Nilijua akipanda basi la kwenda nyumbani hatarudi tena, na kijijini kila atakapojikwaa gizani, nitakuwa mimi nimemsukuma.

Nilimkuta stejini, pale magari yanapopakia abiria. Alikuwa ameshika begi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akimgusa bega kila anayepita, akiuliza kama gari lililosimama pale linafika kwenye kituo cha mabasi ya mashambani. Watu wakimpita tu, maana wana haraka zao. Nikasimama mbele yake. Na hapo, mwanangu, nikakwama. Jina lake siruhusiwi kulitaja. Mkono siwezi kumpa. Kumtazama machoni nimwombe msamaha mbele ya watu ingekuwa kumwongezea aibu. Kinywa changu, kile cha kidato cha nne, hakikuwa na kazi pale.

Nikapiga goti kidogo. Nikashika begi lake kwa mikono miwili, nikalitoa mkononi mwake polepole, nikalitia kichwani. Kisha nikageuka, safari hii taratibu, nikaanza kutembea kurudi Jericho.

Muuza karanga aliyekuwa pale akapiga kelele: "Mzee! Begi yako inaenda! Unaibiwa!"

Nikasikia mzee akikohoa nyuma yangu.

"Wacha," akasema. "Hizo patipati nazijua zinavyolia. Huyo ni mtu wetu, ananirudisha nyumbani."

Nililia njia nzima, begi kichwani, nikipunguza mwendo kila niliposikia hatua zake zimebaki nyuma. Sikugeuka hata mara moja. Tulipofika nilifuta kile kiti kwa upande wa leso yangu, nikaweka uji mezani bila kikombe kutoa sauti, nikaenda jikoni polepole. Nikamsikia akinywa. Akanywa wote.

Ijumaa Wafula akampeleka hospitali. Jicho moja likafunguka vizuri, la pili kiasi tu. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni, amenipa mgongo kama desturi inavyotaka, akavua kofia, akaiweka kifuani kwa muda, kisha akaivaa na kwenda zake. Ni hivyo tu. Lakini mimi nilijua nimeshukuriwa na nimesamehewa, na sijawahi kupata barua iliyonifurahisha kuliko mgongo ule.

Sasa mimi bibi yenu ndiye mgeni, nyie wajukuu ndio wenye nyumba. Siku hizi mnatutazama machoni, mnasema "Sasa shosho, karibu!" na meno yote nje, na miye nafurahi. Lakini nikianza kueleza ninavyoumwa, kidole gumba kinaanza kutembea kwenye simu. Mguu unatikisika. Begi langu linawekwa karibu na mlango badala ya ndani. Macho yangu yamezeeka, mwanangu, lakini hayo yote nayaona.

Kwa hiyo ninachokuomba ni hiki. Usifikiri ukichunga ulimi umemaliza. Unapomwekea mtu sahani, uweke kama unayetaka ale. Mtu akiinamisha macho mbele yako usiharakishe kusema ana hatia au ana dharau, pengine hiyo ndiyo heshima yote aliyofundishwa kwao. Na ukikosea kwa mwili, usikimbilie maneno. Rudi ukatengeneze kwa mwili huo huo.

Mungu akulindie macho yako yasifike gizani. Akupe mikono ya kupokea mizigo ya watu, na mgongo ambao mgeni akiuona, ataendelea kunywa uji wake.