Elizabeti wa Ngamiani, Aliyebisha Hodi Kitandani

Alizaliwa mwaka 1941 katika kambi ya wakata mkonge karibu na Muheza, binti wa Ernesti, Mkatoliki aliyetoka mbali kutafuta kazi na asirudi tena kwao. Alibatizwa Elizabeti. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, na paroko amenikanya nisilitangulie. Basi nitasimulia tu, msomaji aamue.

Alisomea uuguzi, akapangiwa hospitali ndogo huko Ngamiani. Alikuwa hodari na mwenye haraka, na haraka hiyo ndiyo iliyomponza. Mwaka 1979 aliletwa mwanamke aliyepigwa na mumewe, kichwa kimepasuka. Alipojikunyata, Elizabeti alimkamata mabega kwa nguvu ili ashonwe. Yule mwanamke akamtazama, akasema, "Hata wewe?" Akajichomoa, akaondoka na jeraha lake, asionekane tena. Tangu hapo Elizabeti hakutulia. Wenzake walimtania kwamba kiti chake kina siafu. Hawakujua kwamba katika kila foleni na kila soko alikuwa akimtafuta mwanamke yule. Akaweka nadhiri: hatamgusa aliyeumizwa bila kubisha hodi, na asipoitikiwa hatagusa.

Nadhiri hiyo ilijaribiwa mwaka 1984, sabuni ilipokuwa adimu na bandeji zikifuliwa zitumike tena. Majambazi walivamia duka asubuhi, wakamkata panga mkononi Tuhfa, binti wa mwenye duka, mbele ya mama yake, Asmahani. Siku ya tatu kidonda kilianza kunuka, na Tuhfa alipiga mayowe kila alipokaribiwa. Daktari aliagiza afungwe kamba. Elizabeti akamsihi asifanye hivyo.

"Nakupa hadi alasiri," daktari akasema. "Baada ya hapo namfunga. Tukichelewa zaidi, mkono huu tutaukata."

Elizabeti alisimama miguuni pa kitanda. "Hodi." Kimya. Akaenda dirishani, akarudi. "Hodi." Kimya. Saa zilikwenda naye akizunguka, jasho likimtoka. Nadhani aliogopa kuliko mgonjwa, maana nadhiri yake sasa ingeweza kumgharimu binti wa watu mkono. Ndipo alipomwona Asmahani ameketi sakafuni, midomo imemkauka, khanga ina damu ya juzi. Akamletea uji na maji ya kunawa.

"Miye sikukatwa," Asmahani akasema. "Muuguze huyo."

"Anayeuguza naye huugua, dada. Hodi?"

Asmahani akanyoosha mikono, akaitika, "Karibu." Elizabeti akamnawisha mikono, kidole kwa kidole, na mama akalia kwa mara ya kwanza. Tuhfa aliyaona yote. Adhana ya alasiri ilipolia, Elizabeti akabisha tena.

"Karibu, mama," Tuhfa akajibu. "Lakini polepole."

Mkono ulipona. Wanaoniuliza miujiza, nina huo mmoja, nao unanitosha. Miaka ya mitumba ilipofika, Elizabeti alichana mashuka ya mitumba kuwa bandeji, na kando ya kila kitanda akatandika mkeka wa anayeuguza. Sisi tunaokimbilia kuwashika walioumizwa kwa huruma yetu yenye pupa, tumwige hapo: tubishe, tungoje.

Alifariki nyumbani kwake Agosti 1996. Akina mama waliokuja kumwosha walisimama mlangoni, Tuhfa amebeba beseni kwa mkono uleule, wakabisha hodi kama alivyowafundisha. Kisha wakakwama. Hakuna aliyethubutu kuanza bila kuitikiwa, na maji yakawa yanapoa. Asmahani, aliyeketi kando ya marehemu, akamjibia.

"Karibuni, wanangu," akasema. "Lakini polepole."