Koti la Jeshi la Mama

Mimi ni mtu wa kushtuka upesi, na nikishtuka, hasira haikawii. Daktari aliponiambia bila kuzungukazunguka kwamba nimonia nyingine ya namna ile ingemwondoa mama, nilimkasirikia yeye kwanza, kisha nikaikasirikia baridi, kisha nikamkasirikia mama mwenyewe. Alikuwa ameketi kitandani na gauni la hospitali la kamba mgongoni, akiuliza majani yake ya chai yatachumwa na nani.

Mama anaishi Nyamira, upande wa juu, kwenye michai. Wageni wakija kwangu Kisii mjini hulalamikia baridi, nami huwaambia wangoje nikawapeleke kwa mama. Kule ukungu hukaa mpaka watu wamechoka kuungoja, na mvua ya mawe ikipiga, shamba hubaki vijiti. Mchumaji huingia mapema, majani yakiwa bado yamebeba maji. Mama huingia amejifunga nailoni kiunoni, lakini kuanzia tumboni kwenda juu alikuwa na sweta jembamba lililolegea, na likilowa, basi amevaa maji. Daktari alisema atafutiwe kitu cha sufu, sufu hasa, kwa sababu hiyo hata ikilowa haimwachi mtu kabisa. Nikaapa kwamba ataipata hata kama nitaifuma kwa meno.

Nilikwenda Daraja Mbili siku ya soko. Nikapita wauza ndizi, nikapita milima ya nguo za watoto, mpaka kwa mtu mmoja aliyeuza makoti tu, na karibu yote yalikuwa ya majeshi ya ng'ambo. Sikujua kwamba majeshi huchoka na nguo zao zikaja kuishia kwetu. Kulikuwa na za kijani, za kijivu, na zingine za madoadoa, ambazo alikuwa amezificha chini ya gunia. Nilipoivuta moja ya hizo akanishika mkono, akasema hiyo nisivae hadharani, polisi watanivua barabarani na kunilaza ndani. Akanitolea la kijani lisilo na doa, la sufu nzito, lenye kola pana na vifungo vya shaba mpaka kooni. Nilipolipokea nusura lianguke. Lilikuwa zito kama debe la maji.

Hapo ndipo lugha iliponichezea. Nyumbani kwetu tunasema Ekegusii, na katika Ekegusii mama yako ndiye unayemwita baba, na mzazi wa kiume unamwita tata. Sisi tukiwa na haraka tunatafsiri nusu na kuacha nusu. Muuzaji hakuwa mtu wa kwetu. Aliponiuliza koti ni la nani, nikamjibu kwamba ni la baba, kifua chake ni kibaya.

"Baba ako ni mkubwa ama ni wa kawaida?" akauliza.

Nikasema ni mwembamba lakini ana mabega. Basi akanipimia koti la mwanamume mwenye mabega, akalivaa yeye mwenyewe na kugeuka mbele yangu ili nione linavyokaa, nami nikalisifu. Kosa langu nililiona nikiwa nimefika kwa mama. Alilivaa mlangoni, likamfika kwenye vifundo vya miguu, na mikono yake ikapotelea ndani ya mikono ya askari aliyelivaa zamani. Nilitaka kulia. Mama akakunja mikono ya koti mara mbili, akatembea mpaka kwenye zizi na kurudi, akasema hili limekumbuka hata magoti.

Tangu siku hiyo kijiji kizima kikamwita Afande. Karani wa kituo cha majani alikuwa akimpigia saluti kabla ya kupima kikapu chake. Sabato alilivaa kanisani juu ya gauni jeupe, na hakuna aliyethubutu kumwambia lolote. Msimu wa baridi ukaja, nami nikawa nampigia simu kila siku na kumuuliza jambo moja tu: koti umelivaa? Alinijibu kwamba amelivaa. Nikalala vizuri.

Sasa niseme kuhusu mama mdogo. Huyu alikuwa mke wa pili wa mzee wetu, na nyumba yake iko ng'ambo ya ua wa mama. Kwetu chuki ya wake wenza ina jina lake peke yake, engareka, na hawa wawili waliilisha ikanenepa. Tangu tumzike mzee hawakuwa wakisemezana. Ugomvi wao ulikuwa mstari mmoja wa michai mpakani, ambao kila mmoja alisema ni wake. Mmoja akiuchuma asubuhi, mwingine alisimama kwenye ua akiimba wimbo wa dini kwa sauti ya kugombana, mama akiimba za Kiadventista na mwenzake akijibu na za Kikatoliki. Nyumba hazikuombana hata chumvi. Mimi nilikuwa upande wa mama, kwa moyo wote na bila kuulizwa.

Mama mdogo akafariki. Nilipata habari kwa simu kutoka kwa binti yake, ambaye ni dada yangu kwa mzee, na siku ya mazishi nikapanda kwenda Nyamira. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi. Watu walikuwa wamejazana chini ya turubai, na mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa mama, amesimama pembeni kabisa, amejitanda leso mbili nyepesi mabegani, na midomo imebadilika rangi. Nilimwendea nikamuuliza koti liko wapi.

"Liko ndani," akasema.

Nikaenda nyumbani kwake kulichukua. Nikatafuta nyuma ya mlango, juu ya kamba, chini ya kitanda, hata ndani ya pipa la mahindi. Halikuwepo. Nikarudi nikiwa nimepandwa na hasira, nikidhani kuna mtu ameliiba, na wakati huo ndipo katekista alipotangaza kwamba watu wapite kumuaga marehemu. Nikaingia kwenye mstari kwa ajili ya heshima tu. Jeneza lilikuwa na kidirisha cha kioo. Nikainama.

Niliona kola ya kijani. Niliona vifungo vya shaba vimefungwa mpaka kooni, na juu yake uso wa mama mdogo, mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Koti lilikuwa ndani, kweli. Mama hakuwa amenidanganya.

 Nikapiga kelele, "Baba!" kwa lugha yetu, nikimwita mama aje anieleze jambo hili. Lakini kwa lugha yetu mke mwingine wa mzee naye ni mama, naye huitwa baba, kwa hiyo watu wote wakadhani ninamlilia marehemu. Wanawake wakanishika mabega wakilia pamoja nami. Nikamsikia mmoja akisema kwamba ona, mtoto wa nyumba ya kwanza, ndiyo maana ya damu. Nikapelekwa kwenye kiti na kupewa maji ya kunywa, huku ndani yangu nikichemka kwa hasira. Sijawahi kufarijiwa kwa jambo nisilolifanya kama siku ile.

Nilipopata nguvu nilimvuta mama nyuma ya jikoni. Nikamwambia nitamwendea katekista sasa hivi, jeneza lifunguliwe kabla halijashuka, kwa sababu aliyekufa hasikii baridi na aliyebaki ana kifua kibovu. Nilisema hivyo hasa, na sikupunguza sauti. Mama alikohoa kabla ya kunijibu. Alikohoa akiwa ameuma leso, jinsi mtu anavyoficha, na kikohozi chenyewe nilikijua. Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwenye kile kioo.

Akanieleza. Mwanzoni mwa baridi alikuwa hamwoni mwenzake mpakani. Siku ya kwanza alifurahi akachuma ule mstari peke yake. Siku zilipozidi, haukuwa na ladha. Akavuka ua, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mzee, akamkuta mama mdogo amelala na homa chini ya blanketi lililobaki nyuzi, binti yake akiwa kazini mbali. Akamvika koti palepale, akamwashia moto. Kila siku baada ya hapo alivuka, akapika uji, wakakaa wakimsema mzee na tabia zake. Koti halikurudi ng'ambo ya pili tena. Aliponiambia kwenye simu kwamba amelivaa, alikuwa amerudi kutoka shambani amelowa, anaota moto.

Nikamuuliza kwa nini hakulichukua baada ya kifo. Akasema mochari walimvua marehemu koti wakamletea yeye mikononi, limekunjwa ndani ya mfuko, kwa kuwa wote walijua ni la Afande. Alikaa nalo mapajani siku nzima. Kisha akalirudisha likavishwe marehemu.

"Aliniomba kitu kimoja tu," mama akasema. "Aliniambia, usinivue. Mimi nimvue?"

Sikumwendea katekista. Ningependa kusema kwamba nilielewa, lakini sikuelewa, nilikuwa nimeduwaa tu. Jeneza likashuka na koti aliloagiza daktari, koti la kifua cha mama, koti nililolibeba kutoka Daraja Mbili, nami nikatazama udongo ukilifunika. Siku ya pili yake nilimpeleka mama hospitalini. Kifua kilikuwa kimeanza kulia, lakini tuliwahi. Akapewa dawa, na polepole akapata nafuu.

Nikarudi kwa yule muuzaji nikanunua koti lingine, safari hii nikisema mama kwa sauti na mara mbili. Nililipeleka Nyamira siku ambayo nguo za mama mdogo zilikuwa zikigawanywa kwa jamaa, jinsi inavyofanywa kwetu baada ya mazishi. Dada yangu alikuwa ameketi kwenye nyasi, akiita mtu mmoja mmoja. Sikutarajia mama aitwe. Lakini aliitwa, na alivuka ua kana kwamba hakukuwa na ua.

Dada yangu alimtolea sweta la sufu ya rangi ya damu ya mzee. Sufu hiyo niliijua, sote tuliijua, ilikuwa sweta kuukuu la mama mdogo mwenyewe, alilolivaa kila Jumapili. Alikuwa amelifumua akiwa kitandani, akaanza kulifuma upya kwa kipimo cha mtu mwembamba mwenye mabega. Lilikuwa na shingo, lilikuwa na mgongo mzuri usio na kosa, na mkono mmoja wa kulia. Mahali pa mkono wa kushoto palikuwa na tundu, na sindano ya kufumia bado imechomekwa humo.

Dada yangu akasema kwamba mama yake alikuwa akifuma akiwa ndani ya lile koti, na kwamba alikuwa na haraka, maana alimwona mwenzake anakuja kila siku amelowa.

 Mama aliinua mikono akavikwa. Nikachomoa sindano kwa uangalifu ili isimchome, nikamwambia alivue kidogo tu, nilipeleke Keumbu kwa mwanamke mmoja ninayemjua, atalimalizia ule mkono.

"Ni nani amekuambia halijaisha?" akaniuliza.

Akachukua kikapu chake akaelekea kwenye mstari wa mpakani, mkono wa kushoto ukiwa wazi kwenye manyunyu. Nilimfuata na koti jipya. Nilimvika juu ya lile sweta, akakubali, na nilipokuwa nikifunga kifungo cha mwisho niliona analia.