Tope la Ufa Nililoliosha

Siku ya kwanza kazini, kule mgodini Buhemba, fomeni alinipa brashi na ndoo. "Mama, hapa hatutaki uchafu." Nilikuwa nimeishia darasa la nne.

Kazi ilikuwa ya uchorongaji. Mtambo unazungusha bomba lenye meno magumu, linashuka ardhini, na ndani yake linabaki jiwe la mviringo, refu kama mchi. Hiyo ndiyo sampuli. Wanawake tuliipokea, tukaiosha, tukaipanga kwenye trei kufuata kina ilikotoka. Mjiolojia, yaani msomi wa mawe, alitafuta dhahabu, na jiwe lenye matope halimwambii kitu. Niliosha mawe miaka mingi. Fomeni hakunisifu hata siku moja, ila trei zangu hakuzikagua mara mbili.

Kisha likaja tetemeko. Upande wa Bunda nyumba za tofali mbichi zililala chini, na wiki moja nilihudhuria misiba mitatu. Muda si mrefu wataalamu wakaleta mtambo pale ardhi ilipochanika, njia ya Butiama, wakachukua wenye uzoefu. Nami nikaitwa.

Mjiolojia mkuu, mzaliwa wa Musoma, alitukusanya asubuhi. Alisugua viganja vyake akatushika mashavu mmoja mmoja.

"Joto hilo mmelisikia? Huko chini mwamba umesuguana hivyo hivyo. Joto lake ndilo litakalotuambia umesuguana kwa nguvu gani, nalo linapoa kila siku, ndiyo maana tuna haraka. Tukiukata ufa wenyewe, tutashusha vipimajoto pale pale. Na sampuli za hapa hazioshwi. Tumeelewana, mama zangu?"

Tuliitikia. Nilimsikia vizuri, sitasingizia.

Siku ya tisa bomba lilipanda na mawe mawili magumu, katikati yake tope jeusi lenye urefu wa shubiri. Macho yangu yaliona uchafu. Mkono ukachukua brashi. Nilipokumbuka, maji yalikuwa yameshakwenda na tope lote, nalo ndilo mwamba uliosagika, ufa wenyewe. Nikayasogeza mawe mawili yakagusana, kama vile hapakuwa na kitu kati.

Nyabise, tuliyeshika naye trei ile, aliona.

"Nyamaza, dada," akasema. "Hawa wanaangaliaga mawe. Matope watayajulia wapi?"

Nikanyamaza. Mjiolojia mkuu akapita, akazitazama trei, akasema, "Ufa bado. Endeleeni chini." Tukachoronga siku hiyo, na ya pili, na ya tatu. Kila bomba lilipopanda bila kitu, nilijua joto linapoa juu yetu, nasi tunalikimbia kwenda chini.

Asubuhi ya nne nilimfuata mbele ya watu.

"Bosi, ufa mmeshaupita. Niliuosha mimi."

Msimamizi wa mtambo akaruka: "Siku tatu! Huyu arudi kwao akaoshe masufuria!"

"Ngoja," alisema mjiolojia mkuu. "Trei ipi, mama?"

"Ya kumi na moja. Jiwe la tatu na la nne. Niliyasogeza yakagusana."

"Lilikuwaje?"

"Jeusi. Linateleza kama mlenda. Hivi." Nikapima shubiri.

Aliandika yote. Kisha akanipa kipande cha mbao na kalamu. Sampuli ikipotea, mbao huwekwa mahali pake ili pengo lisifichwe. "Andika wewe mwenyewe." Niliandika kina, na chini yake: *limeoshwa*.

"Ungesema siku ile ile," alisema, "tungekuwa na siku tatu za joto. Sitakudanganya kwamba mambo yameisha."

Walishusha vipimajoto kwenye kina changu. Joto lilikuwepo, dogo, nao walisema limepungua kuliko walivyotarajia. Mimi nilitolewa kwenye trei, nikachota maji mpaka mkataba ulipokwisha. Sikulalamika.

Sasa nimestaafu, nalima mihogo. Nyie wenye vyeti mkianza kazi mpya, wekeni chini kwanza mazoea ya ile ya zamani, na mkikosea semeni kabla jua halijazama. Mwanamke mmoja wa Bunda, aliyefukiwa mwanawe siku ya tetemeko, huniuliza kilichotuua kinafananaje. Namweleza rangi yake na utelezi wake. Kambi nzima ile yenye wasomi, ni mikono hii tu iliyokigusa, na ndiyo iliyokimwaga.