Taa ya Kusogeza

Wageni wanaosifia kivuli cha migomba hawajawahi kupiga randa chini yake. Karakana yangu ilikuwa nyuma ya nyumba yetu Kilema, ukuta wa mabanzi yenye nyufa, na ukungu wa masika ukishuka mlimani ilikuwa giza saa nane mchana. Umeme ulipotufikia niliweka balbu moja katikati ya dari, nikajiona mjanja. Kumbe popote niliposimama nilifanya kazi kwenye kivuli changu mwenyewe.

Mdogo wangu ndiye aliyepata dawa ya kivuli hicho. Alikuwa na kiduka cha vifaa vya umeme Majengo, mjini Moshi, kabla ya kurudishwa nyumbani amekonda, na ugonjwa ambao miaka ile sote tuliuita kifua. Alikaa karibu na mlango, blanketi mabegani, akanielekeza. Nilivuta waya wa kuanikia nguo kutoka ukuta hadi ukuta, nikapitisha pete ya pazia, nikaning'iniza holda ya balbu kwenye pete na kuacha waya wa umeme mrefu nyuma yake. Kopo la maziwa ya unga tulilikata likawa kofia. Ukivuta kamba, taa inakufuata. Alicheka mpaka akakohoa. Nilifurahi siku ile, nasema kweli.

Shida ilikuwa kazi zenyewe. Miaka ile sikutengeneza milango mingi. Watu wa rika lake walikuwa wakiletwa kutoka Dar na Arusha kuzikwa kwenye vihamba, mashamba ya ukoo ya baba zao, na fundi wa majeneza aliyekuwa karibu ni mimi. Wanasema mficha maradhi kilio humfichua; mimi nilikuwa naficha kilio chenyewe. Niliacha misumari ili asisikie nyundo, nikatumia skrubu na gundi. Waliokuja kuagiza niliwapitisha njia ya chini, kwenye shamba la kahawa. Akiuliza, nilimwambia ni makabati.

"Watu wa Kilema wana nguo nyingi siku hizi," akasema.

Aliposhindwa kutoka kitandani nilishusha pumzi, aibu yangu hiyo. Nilidhani sasa hataona kitu zaidi ya dirisha lake na nyuma ya karakana.

Alasiri moja nilimpelekea mtori. Alionja, akasukuma bakuli.

"Kaka, la leo ni la mtoto."

"Nini cha mtoto?"

"Kabati. Taa imekwenda kidogo tu ikarudi. La juzi ilifika mpaka ukutani."

Meza, kiti, mlango, hivyo navigeuza mimi kufuata mwanga. Jeneza siligeuzi. Baba alinifundisha kwamba likishalala juu ya vigogo, fundi ndiye azunguke. Nyufa zilimwonyesha kila safari ya ile taa, na tuliifunga pamoja bila yeyote kuwaza hilo. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, bakuli mapajani. Nilimkasirikia kwa kujua, kisha nikajikasirikia mwenyewe, na hasira zote mbili hazikumsaidia kitu.

"Langu," akasema, "taa ifunge mahali pamoja. Dirisha la mama nalo liko upande huu."

Nikamwambia aache maneno hayo, atapona. Alinitazama kwa huruma, kama vile mgonjwa ni mimi.

Hakupona. Siku ya kutengeneza lake niliifunga taa kwa kamba juu ya upande wa kichwa. Ukungu ulijaa uani, wanawake wakiimba sebuleni. Upande wa miguu sikuuona kabisa. Nilipapasa, skrubu zikaniponyoka, nikapiga magoti kuzitafuta kwenye maranda.

Mama akaingia. Niliinuka nikasimama mbele yake nimzibe asione. Hakunitazama. Alifungua kamba, akaishika taa, akaileta pale nilipokuwa nimefikia. Nilikaza skrubu, naye akasogea. Nilipomaliza ubavu mmoja nikainua kichwa ili nimwelekeze pa kwenda. Alikuwa ameshatangulia miguuni, ananisubiri na mwanga.