Taa Nyekundu kwenye Khitma ya Fundi Hamisi

Akili inagoma, ndugu zangu. Jana nilikula pilau ya khitma ya Hamisi, na leo asubuhi nimejikuta naelekea kibandani kwake, mtaa wa Gerezani, na chupa ya chai niliyozoea kumpelekea mkononi.

Kwa msiomjua, Hamisi alikuwa fundi wa amplifaya pale Kariakoo. Mimi nakodisha muziki wa shughuli, na hakuna chombo changu ambacho hakijapita mikononi mwake.

Tukiwasha mashine alikuwa hataki mtu aongee. Taa nyekundu ya PROTECT, ile ya kinga, inawaka kwanza, yeye katega sikio. Ndani kukilia "ta!", nyekundu inazimika, inabaki ya kijani. Hapo ndipo anavuta pumzi: "Alhamdulillah, imekubali. Chomeka maiki."

Halafu ile taa ya CLIP, inayomeremeta sauti ikizidi! MC mmoja wa Ilala alikuwa anapandisha mpaka taa inaganda. Hamisi akamwambia mbele za watu, "Mjomba, ikikukonyeza, sawa. Ikikukodolea macho, punguza!" Ukumbi mzima ulicheka.

Kitu kimoja tu kilimkasirisha: mteja kumwambia aikate protekti ili mashine ipige tu. "Mashine inakwambia inaumia, unataka niizibe mdomo? Nenda kwa mwingine, baba, salama salimini."

Na walikwenda. Wakirudi na spika zimeungua, alizipokea bila kumsuta mtu.

Sasa jana. Nilisema khitma ya Hamisi simwachii mtu, nafunga muziki mwenyewe. Spika mbili kwenye turubai walipokaa wanaume, ya tatu nikaipitishia waya uani mpaka sebuleni kwa kina mama.

Humo alikuwamo mama yake, Bi Mwanaidi, ambaye miguu haimruhusu tena kutoka nje. Asubuhi alinishika mkono akasema, "Saidi mwanangu, dua ya mtoto wangu niisikie."

Nikamwambia, "Utaisikia, mama." Nikajaribu mashine, ikakubali. Nikatulia.

Kisomo kikaisha, shehe akashika maiki aanze dua. Kimya. Nikageuka kutazama mashine: nyekundu!

Jumanne, mdogo wake marehemu, akanijia mbio. "Kaka Saidi, vipi? Shehe anasubiri!"

"Imejikinga."

"Si uiruke hiyo protekti? Dua yenyewe fupi, tumalize."

"Kwenye khitma ya Hamisi, Jumanne? Siku zote sijawahi, ndiyo nianze leo?"

Nikafanya alivyonifundisha. Nikazima, nikachomoa nyaya zote za spika, nikawasha. "Ta!" Kijani. Kumbe mashine ni nzima, ugonjwa uko nje.

Nikazima, nikarudisha nyaya za turubai, nikawasha. Kijani. Nikazima tena, nikarudisha waya wa sebuleni. Nyekundu, na haikuzimika.

"Basi uache huo, tuendelee," Jumanne akasema. "Kina mama watasikia dirishani." Wazee wawili wakamuunga mkono. Shehe naye anaangalia saa.

Ndugu zangu, hapo ilikuwa rahisi kukubali. Lakini mkono wa yule mama nilikuwa bado nausikia kwenye wangu. Nikasema, "Shehe, nisamehe, naomba subira kidogo. Aliyemzaa yuko ndani."

Shehe akaweka maiki chini. "Nenda," akasema.

Nikazima mashine, nikaufuata waya kwa mkono. Ukutani salama. Mlangoni salama. Kufika uani nakuta sufuria la pilau, lile la shughuli, limeepuliwa motoni likatuliwa juu ya waya wangu!

"Dada Zuhura, tunyanyue hili sufuria!" nikamwita mpishi.

"Khaa! Kaka Saidi, watu hawajala, unalipeleka wapi?"

"Sitaki pilau, dada, nataka waya!"

"Mwenzenu msiba umemchanganya huyu," akasema, lakini akashika upande wake.

Chini yake ganda la waya limeyeyuka, shaba mbili zimekumbatiana. Nikakata palipoungua, nikaunga upya, nikazungushia tepu, nikaupitisha juu, mbali na majiko. Ewe Hamisi, wewe na kupenda kwako pilau! Hata siku yako?

Nikarudi kwenye mashine, nikawasha. Nyekundu. Turubai zima limetega sikio, mpaka shehe, kama alivyokuwa akitega Hamisi.

"Ta!"

Wallahi, watu wazima tulitazamana, Jumanne akajifuta macho kwa kanzu. Shehe akaanza dua. Mimi nikaenda kusimama kwenye mlango wa uani, na kutoka sebuleni nikaisikia sauti ya Bi Mwanaidi, imekauka kwa kulia lakini imenyooka: "Aamin." Shehe akitua, yeye "Aamin." Hakuikosa hata moja.

Kwa hiyo wateja wangu mnisikie mapema. Kwenye shughuli yangu protekti hairukwi, awe bwana harusi, awe mheshimiwa. Ikiwaka nyekundu tutasubiri, na mimi nitaufuata waya mpaka mwisho wake.

Hamisi, rafiki yangu, Mola akupokee kwa rehema zake. Mama amesikia yote. Lala sasa, fundi wangu, lala salama.