Kipande cha Kamba ya Mzee Chokaa

Mwalimu mkuu kaniletea karatasi nne na kalamu mbili, utadhani kalamu moja isingenitosha. Anataka niandike maisha ya marehemu mume wangu, mtunza uwanja wa shule, yaingie kwenye jarida la mwisho wa mwaka. Mimi niliishia darasa la pili. Miaka ishirini na sita nafagia madarasa yao, hakuna siku mtu aliniambia keti uandike. Leo ndiyo wananiona nina mkono. Haya, naandika. Lakini sitaandika alizaliwa lini na alipenda nini, maana alipenda kunyamaza, na hilo halijazi karatasi. Nitaandika wiki ya michezo, ile ya kwanza bila yeye. Na mtu asinisahihishe.

Watoto walimwita Mzee Chokaa. Kila wiki ya michezo ndiye aliyechora mistari ya uwanja. Chokaa aliimwaga kutoka kwenye kopo la maziwa alilolitoboa matundu kwa msumari, akitembea kinyumenyume, taratibu, mpaka nyusi na viatu vyote vyeupe. Akirudi nyumbani namwuliza, "Umetoka kuoka mikate?" Naye anasema, "Mama, nipe maji." Mazungumzo yetu ndiyo hayo, miaka yote.

Kupima alipima kwa kamba. Kamba ya nailoni, ya buluu, mita hamsini kamili, ina fundo kila mita kumi. Aliipima mara moja tu, kwa futi ya utepe ya wapima barabara waliopita hapa zamani, na tangu siku hiyo hakuiamini futi nyingine. Ncha zote mbili alizichoma kwa kiberiti, akazibonyeza kwa gumba zikiwa bado za moto, zikawa ngumu kama punje ya harage, ili kamba isifumuke. Gumba lenyewe lilibaki na kovu. Mbio za mita mia ni kamba mbili: unapiga kigingi, unavuta, unapiga kigingi, unavuta tena. Kwisha.

Alilala mgonjwa miezi minane, akafa wiki tatu kabla ya michezo. Mwalimu mkuu akaniita ofisini, akatumia ile sauti ya kusemesha wafiwa.

"Mama, wewe pumzika. Tutatafuta kijana achore mistari."

"Kijana wa nani? Kamba iko kwangu, kopo liko kwangu. Mistari ni yangu."

Akatazama dirishani. Ananijua.

Jumatatu asubuhi nikachora. Sikuwa na uchungu, nisiwadanganye. Sikuwa na kitu. Mwili wote ulikuwa kama fizi iliyopigwa sindano ya ganzi: unajua jino linang'olewa, unasikia linavyokwanyuka, lakini ni kama la mtu mwingine. Nilipiga kigingi, nikavuta kamba ncha mpaka ncha, nikamwaga chokaa. Mchana darasa la tatu wakatolewa nje kujifunza majani, kila mtoto anaokota lake na kusema ni la mti gani. Wakanikanyagia mistari yote. Nikachora tena.

Jumanne ilikuwa siku ya mbio. Hapa niwaeleze mjukuu wangu. Yuko darasa la sita, naishi naye. Babu yake alimwita "mke wangu mdogo", kwa hiyo mimi namwita Mke Mwenza, naye huniita hivyo hivyo akiwa na shida yake. Timu ya kanda inachukua msichana anayekimbia mita mia kwa sekunde kumi na nne na nukta mbili, au chini ya hapo. Anayeingia anakwenda kambini mwezi mzima, anapewa viatu vya kukimbilia. Mtoto huyu kwa mwaka mzima hakuwa na neno jingine. Jioni alikimbia pale nje, na babu yake kutoka kitandani, hamwoni, anamsikiliza tu, anapaza sauti: "Kisigino hicho! Nakisikia kisigino!"

Basi Jumanne akakimbia sekunde kumi na tatu na nukta tisa. Mwalimu wa michezo, tunayemwita Kipyenga kwa sababu hata chai anaiagiza kwa kupuliza filimbi, alipuliza mpaka mate yakaruka. Mtoto akanijia mbio.

"Mke mwenza, umeona?"

"Nimeona."

"Mbona uso kama mlango uliofungwa?"

"Ndio niliozaliwa nao. Kavae sweta."

Jumatano wakaja shule ya jirani. Wasichana wetu wakashinda netiboli. Wavulana wakafungwa mpira mabao manne, na golikipa akasema jua lilimwingia machoni. Siku nzima kulikuwa na mawingu.

Alhamisi ndiyo siku yenyewe. Mwalimu wa hesabu alileta darasa la nne uwanjani na futi mpya ya shule, wajifunze kupima kwa vitendo. Akawagawa makundi: hawa goli, hawa kivuli cha mlingoti, hawa njia ya mbio. Mimi nilikuwa nazoa maganda ya machungwa pembeni. Kundi la njia ya mbio liliongozwa na katoto kamoja kalikong'oka meno ya mbele, wenzake wanakaita Kibogoyo.

"Mwalimu, tisini na tano na nusu."

"Rudieni."

Wakarudia. Kibogoyo akaja tena. "Tisini na tano na nusu."

"Njia hii ni ya mita mia. Mmelegeza futi."

"Hatujalegeza, mwalimu. Futi ndiyo inasema, siyo mimi."

"Uwanja huu ulipimwa kwa kamba ya Mzee Chokaa kabla hujazaliwa. Kati yako na Mzee Chokaa, nani mwongo?"

Mwalimu akawaandikia kosa kwa kalamu nyekundu, kundi zima. Kibogoyo akaketi juu ya mstari wangu, akapangusa pua kwa mkono, akaendelea kuutazama ule mstari kama mtu anayeusubiri useme.

Nikaenda stoo. Nikaishika kamba. Ncha moja ilikuwa ngumu, punje ya harage. Ncha ya pili imefumuka kama ndevu za mbuzi.

Nikakumbuka. Siku ya tatu baada ya mazishi niliamua godoro alilougulia litoke. Akaja mtu wa mkokoteni, kijana mwenye fulana ya kijani, akasema, "Mama, sina kamba, litaanguka njiani." Nikachukua kisu cha jikoni, nikakata kamba iliyokuwa karibu, nikampa. Akafunga, akaondoka. Nikarudi ndani kuosha vyombo. Hata sikutazama nilichokata. Mafundo yote yalibaki, kilichoondoka ni mkia baada ya fundo la mwisho. Kamba mbili, mikia miwili. Ndiyo mita nne na nusu za Kibogoyo.

Nyumbani nikaitandaza kamba sakafuni, nikamweleza Mke Mwenza. Alikuwa anapiga soksi pasi. Nani anapiga soksi pasi?

"Bibi, usiseme."

"Kesho Kipyenga anapeleka majina kanda."

"Ndiyo, ndiyo maana usiseme! Nani anajua?"

"Kibogoyo anajua. Kapewa kosa."

"Kosa la hesabu tu, Bibi! Kesho kutwa kashasahau."

"Wamesema babu yako hakosei, kwa hiyo mtoto ni mwongo. Babu yako hakukosea. Nimekosea mimi."

"Babu kafa!"

Neno hilo lilikuwa halijasemwa waziwazi ndani ya nyumba ile. Nikangoja liniume. Nikaona sufuria inachemka, nikaipunguzia moto.

Ijumaa asubuhi nikaingia ofisi ya walimu na kamba begani. Kipyenga kashaandika majina. Nikasema yote.

"Bibi," akasema polepole, "mita nne ni kitu gani? Mtoto ni wako mwenyewe. Mimi sijasikia."

"Kama hujasikia narudia, kwa sauti."

Nikarudia, kwa sauti. Mwalimu wa hesabu alitoa kalamu yake nyekundu mfukoni, akaondoka kuelekea darasa la nne.

Saa nne wakapima njia kwa futi. Nikachora mstari mpya wa kumalizia, mbele ya ule wa zamani. Mke Mwenza akakimbia peke yake, bila kunitazama. Darasa la nne walikuwa dirishani wakishangilia, na sauti ya Kibogoyo niliisikia kuliko zote. Mtoto alipovuka mstari wa zamani nilisikia visigino. Niliwaza, mzee angepaza sauti. Mimi sikupaza.

Kumi na nne na nukta nne.

Kipyenga akakata jina lake kwenye karatasi, akanipa mgongo. Mjukuu hakula mchana, wala jioni. Sikumbembeleza. Sijui kubembeleza, na siku hizi ndiyo kabisa.

Jumamosi asubuhi nilimkuta kaketi mlangoni na kamba mapajani na kiberiti mkononi. Anachoma ile ncha iliyofumuka. Kabla sijamzuia akaibonyeza kwa gumba, akaruka, akaliingiza gumba mdomoni.

"Umeungua?"

"Ndiyo."

"Lete nione."

"Haina haja." Akavuta kamba kama anaipima nguvu. "Bado fupi. Kile kipande kiko wapi, mke mwenza?"

"Kimefunga godoro."

"Basi kirudi. Mwakani nakimbia kwa kamba ya Babu. Futi yao siitaki."

Karatasi zimejaa. Mwalimu mkuu alitaka maisha ya mtu, na mimi nimempa wiki moja ambayo mwenyewe hakuwepo. Itamtosha.

Sasa wewe unayesoma. Kijana wa mkokoteni mwenye fulana ya kijani hupita mtaani kwenu pia. Mwulize. Godoro alitupe, alilalie, shauri yake. Nataka kamba: ya buluu, urefu kama hatua tatu, ncha moja imechomwa na kubonyezwa, na ukiitazama vizuri utaona alama ya gumba. Usiniletee mpya. Iache kwenye stoo ya shule, na kama sipo, mpe Kibogoyo. Ataipima kwanza.