Mgeni Mmoja wa Elida

Naapa kwa yule kiboko aliyenibebea dagaa kutoka Kibirizi mpaka Rusimbi bila kudondosha hata kichwa kimoja: habari hii ni ya kweli. Kiboko nimewatungia. Elida sikumtunga. Ningemtunga mimi, ningempa bahati.

Alikuja mwaka ule Warundi walipojaa Kagunga mpaka ufuko ukakosa pa kuweka mguu. Meli ikamleta Kigoma, basi likampeleka kambini, huko juu Kasulu. Hakukaa sana, akatoroka. Hakutoroka njaa wala hema linalovuja. Alitoroka kwa sababu kambini hakuna ziwa.

Mumewe Leonardi, mvuvi wa Rumonge, ndiye aliyempandisha mtumbwini siku ile ya kukimbia. Akamwambia, "Tangulia. Nauza nyavu, nakufuata. Nitashukia Kibirizi." Sasa niambieni, mtu aliyeambiwa Kibirizi atakaaje Kasulu?

Nilimkuta mwaloni asubuhi, mitumbwi ikiingia kutoka kuvua. Wanawake wote tulikuwa tunakodolea samaki. Yeye alikodolea wanaume, uso baada ya uso.

"Binti," nikamwambia, "ukiwatazama hivyo waume za watu, hapa utapigwa kasia."

"Namtafuta wangu, Mukecuru." Ndivyo Warundi wanavyomwita bibi kizee.

"Na mimi wangu nilimtafuta hivyo hivyo. Nikamkuta ndani ya tumbo la sangara, kofia kichwani, ananiuliza chakula kiko wapi."

Akacheka. Alikuwa na mwanya mbele, na akicheka aliuziba kwa kiganja kana kwamba kuna kitu kingemtoroka. Kwa kicheko kile nikamchukua. Macho yangu yalikuwa yamechoshwa na moshi, na mtu wa kunibanikia samaki sikuwa naye.

Mgebuka ule mnaoula ninyi, kwao wanauita mukeke, na mukeke kwa Mrundi si kitoweo, ni kwao kwenyewe. Elida aliubanika kwa moto wa maganda ya chikichi, moto usio na ulimi, moshi tu. Hakushika kijiti wala kibanio. Aligeuza kwa vidole, na kidole chake kimoja cha kushoto kiliishia njiani, kwa maana kamba ya wavu ilikula ncha yake zamani. Alipitisha mikono juu ya uchanja samaki hadi samaki, na huku anaimba wimbo wake mwenyewe. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo nilisikia kila neno:

Leonardi we, moto umeshawaka,
mukeke ni mmoja, njoo,
kichwa chako, mkia wangu.

Asubuhi mwaloni kutazama nyuso, mchana uchanjani kwangu. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yake, na hakulalamika. Jambo moja tu aliliogopa: kutolewa kando ya ziwa kabla mtu wake hajafika. Kibali cha kutoka kambini hakuwa nacho. Majirani walijua, wakajifanya hawajui. Rusimbi nusu yetu tuna bibi aliyevuka maji.

Sasa nije kwa Devota, mjukuu wangu, damu yangu, na laiti ningeweza kusema ni wa jirani.

Devota alifungua duka lisilo na mlango. Liko ndani ya simu. Anaweka picha za samaki, watu wanaingia kutazama, anayetaka anaagiza, mzigo unapanda basi kwenda Dar. Hivyo ndivyo ilivyokuwa iwe. Ila watu hawakuingia. Aliweka mgebuka kwenye sahani na maua pembeni, kana kwamba samaki amefiwa. Akajiweka mwenyewe, midomo myekundu, kambeba mgebuka kama mtoto wa kubatizwa. Akatangaza zawadi. Mwishowe akanirekodi mimi, nikasimulia habari za kiboko.

"Bibi, wamecheka mpaka Oman!"

"Wamenunua?"

"Hapana. Wamecheka, wakapita."

"Basi duka lako ni barabara."

"Nahitaji watu waingie, Bibi, na wakiingia wabaki!"

Siku moja akamkuta Elida uchanjani anaimba, akasimama kimya na simu yake. Elida alipomwona akajifunika uso kwa khanga.

"Dada Devota, uso wangu usitoke. Unanijua nilivyo."

"Sichukui uso, dada. Mikono tu."

Elida akawaza kidogo. "Hiyo kitu inafika wapi?"

"Popote penye simu."

"Na Rumonge?"

"Rumonge? Inafika kabla ya moshi wako."

Elida akaketi vizuri, akavuta pumzi, akaimba kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Devota akatoa mikono, uchanja na ule wimbo. Chini yake akaandika mukeke, jina la kwao, badala ya mgebuka.

Lo! Waliingia. Waliingia kama kumbikumbi wameona taa. Warundi wa Ulaya, Wakongo wa Australia, watu waliotawanywa na vita wakaangukia nchi zisizo na moshi. Devota alinisomea: "Nimelia, bibi yangu alikuwa anageuza hivi." "Jamani, mukeke! Mnatuma Canada?" Mzigo ukaanza kupanda basi, mwingine ukapanda ndege. Nikanunuliwa miwani.

Kila jioni Devota akikunja magoti kibarazani na simu yake, yalikuwa ni yale yale.

"Wameingia elfu nyingine!"

Elida, huku anaosha mikono: "Ameingia?"

"Nani?"

"Leonardi."

"Dada, katika watu wote hawa nitamjuaje? Tuliza moyo, ataingia."

Mmoja alitaka elfu, mwingine alitaka mmoja, na wote walikuwa wanatumia mikono ile ile.

Kisha mwezi ukawa mkubwa.

Ninyi wa huku hamhitaji kuelezwa. Mbalamwezi ikiangaza ziwa lote, taa za wavuvi hazina kazi, samaki hawazifuati, mitumbwi inavutwa mchangani na wanaume wanashona nyavu au wanagombana na wake zao. Uchanja wangu ukakaa mtupu, kuku wakataga juu yake. Sisi tunalijua hilo tangu tumboni. Lakini mgeni wa simu hajui mwezi. Akiingia leo akikuta uchanja mtupu, kesho haji.

Devota akaanza kupungua yeye mwenyewe, siyo wateja peke yao. Alikula amesimama. "Wananiondokea, Bibi! Wanauliza dada wa wimbo ni nani, wanataka wamwone. Nisipowapa kitu sasa hivi wananisahau."

"Waambie mwezi ni mkubwa."

"Nani atanielewa?"

Akamwendea Elida, akachuchumaa mbele yake. Nilikuwa jikoni, nilisikia yote.

"Dada, video moja tu ya uso. Sema jina lako na unakotoka. Leonardi akikuona hivyo hatakuwa na shaka."

"Na wa hapa wakiniona?"

"Ah! Hii naiweka kwa watu wa nje tu. Canada na huko. Hapa Kigoma haitaonekana."

"Na Rumonge si nje?"

"Rumonge ni nje. Rumonge itaonekana."

Mimi uongo wangu ni mrefu, mnauona toka mbali, mnaupisha njia huku mnacheka. Wa Devota ulikuwa mfupi, ukapita chini ya mlango. Elida hakujua simu. Aliamini kuwa mtu aliyesoma anaweza kuiambia picha iende wapi na isiende wapi, kama mtu anavyofunga mbuzi kamba. Akatoa khanga kichwani, akatabasamu bila kuuziba mwanya, akasema. Wingi wa wageni walioingia juma lile haukuwahi kuonekana kabla. Devota alirudi kula ameketi.

Mwezi ulipokonda samaki wakarudi, na nyuma ya samaki wakaja wageni wenye miguu. Walikuwa wawili, mwanamume na mwanamke, mashati yamenyooshwa, wakanipa shikamoo kwa adabu. Watu wa serikali. Elida alikuwa uchanjani.

"Bibi, huyu ni nani kwako?"

Nikaipandisha sauti yangu ya hadithi. "Huyu? Binti yangu! Nilimzaa Kalinzi, chini ya mkahawa, siku mvua ya mawe ilipoua mbuzi wa padri. Padri akataka nimlipe, nikamwambia aliyetupa mawe ni bosi wako."

Mwanamume akacheka. Mwanamke hakucheka. "Jina lake?"

"Honorata."

"Honorata wa Kalinzi." Akatoa simu yake mfukoni, akaibonyeza, akanielekezea. Ndani ya simu Elida akatabasamu, mwanya wazi, akasema: Mimi ni Elida. Natoka Rumonge. Niko Kigoma, namngoja mume wangu.

Katika maisha yangu nimemdanganya askari wa mkoloni, katekista, na mamba wawili. Siku ile nilishindwa na kitu kidogo kuliko sabuni.

"Mimi mwenyewe nilimlilia, Bibi," yule mwanamke akasema, na macho yake yalikuwa ya mtu anayesema kweli. "Nikaishea kwenye grupu la kazini. Sikujua mkubwa ataitazama kwa jicho jingine. Sheria ni sheria, mkimbizi mahali pake ni kambini."

Nikamtazama Devota. Devota akaitazama simu yake, kana kwamba ndiyo iliyozungumza yenyewe.

Elida hakubisha. "Subirini kidogo," akasema, "hawa wa mwisho wataungua." Akamalizia safu, akageuza mmoja mmoja, akanawa mikono. Akanijia karibu.

"Mukecuru, akija mwambie niko nchi kavu."

"Nitamwambia. Na nitamwambia ulikuwa unatazama waume za watu."

Akataka kucheka. Kiganja kikapanda mdomoni kwa mazoea, kikabaki hapo, mpaka gari lililomchukua likakata kona.

Devota alilia, siwezi kusema hakulia. Akafuta machozi, akawaandikia wageni kwamba dada wa wimbo amechukuliwa. Wakaingia wengi kuliko siku zote. Wakaweka nyuso zinazolia, wakaweka mioyo, wakauliza kama mukeke bado upo.

Miezi ikapita. Kambini, walisema, watu walianza kujiandikisha kurudi Burundi, mabasi yanawachukua. Mama mmoja aliyekuja mjini na kibali kuuza khanga akanipa ujumbe wa Elida: "Mwambieni Mukecuru nimepanda basi. Kama hakuja kwa maji, namfuata kwa barabara."

Na ninyi mnajua litakalofuata, kwa kuwa Mungu naye ni mtunzi, na hana huruma na wasikilizaji wake.

Giza la mwezi lilipofika, mtumbwi wa wafanyabiashara ukashusha watu Kibirizi, na kati yao mtu mrefu, mwembamba, anayeuliza kila mwanamke: moshi wa mukeke wa Devota uko wapi? Wakamleta mpaka mlangoni kwangu. Hakuketi. Akautazama uchanja.

"Yuko wapi mwenye mikono?"

Nikamwambia. Nilisimulia bila kiboko, bila mamba, na sikujua kwamba naweza kusimulia hivyo. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaketi, chini, pale pale alipokuwa anaketi mkewe.

Nyavu hazikupata mnunuzi, akasema. Simu hakuwa nayo. Siku moja mwuza vocha wa Rumonge alikuwa anachezesha video kibandani kwake, naye Leonardi akapita, akasikia jina lake linaimbwa. Akageuka. Akaona kidole.

"Kile kidole nilikifunga kitambaa mimi mwenyewe siku kilipokatika. Ningekijua hata gizani."

"Na uso ulipouona?" Devota akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uso sikuuona. Palikuwa na mikono tu." Akamtazama. "Kuna ya uso?"

 

Kisha, wallahi sijatunga hili, mkono wa Devota ukaanza kupandisha simu. Taratibu, wenyewe, kama mkono wa mlevi unavyojiendea kwenye chupa. Nikaipiga kwa mwiko, ikaangukia kwenye majivu.

"Bibi!"

"Ukimtoa uso huyu, nakubanika wewe."

Nikamshauri amfuate mkewe. Akatikisa kichwa. "Yeye karudi kwa basi, Mukecuru, jina lake limeandikwa. Mimi nimetoka kwa kujificha. Nikirudi sijui nani atanipokea. Na nikirudi leo, naye akasikia nipo huku akavuka kesho?" Akainyooshea kidole simu iliyokuwa majivuni. "Hiyo, bado inafika Rumonge?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kila samaki wanapoingia, Leonardi anaketi uchanjani, Devota anamrekodi mikono tu, nami nimesimama nyuma yake na mwiko. Leonardi anaimba wimbo ule ule, amebadilisha jina. Elida we, moto umeshawaka. Ni mvuvi, kazi ya moto haijui. Analisha moto kuni mpaka unatoa ulimi, anageuza kwa pupa, ngozi inabaki kwenye waya.

Elida hana simu. Hakuwahi kuwa nayo. Labda naye atapita kibandani kwa yule mwuza vocha.

Wageni bado wanaingia kwa wingi. Jana nilimwambia Devota anisomee walichoandika chini ya mikono ya Leonardi. Akasita. Nikagonga mwiko kwenye goti lake, akasoma:

"Huyu baba anaunguza. Turudishieni yule mama."